Niliipima Grili Mtaa Mzima Ukipika

Mimi ndiye niliyeichoma mikono ya Papa Bahati. Siku yenyewe sikuwa hata karibu na jiko. Nilikuwa kanisani, shati limepigwa pasi, naimba. Lakini ni mimi. Na baada ya kumchoma, nilimwacha dada yangu wa tumbo moja abebe lawama mbele ya macho yangu.

Usinihurumie mapema. Ngoja nimalize, kisha utaona kama kuna cha kuhurumia.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za jikoni za mikahawa: friji, oveni, grili za umeme. Nina kibanda cha kazi huku Ndosho, mjini Goma, na wateja wangu wengi wako Himbi, mtaa wa watu wenye uwezo. Wateja hao nilipewa na dada yangu Kavira. Alikuwa mpishi katika mkahawa wa Mama Nsimire, karibu na ziwa, na kila aliyelalamika mashine imeharibika aliambiwa, "Mi niko na kadogo yangu, anajua kazi." Kadogo, yaani mdogo wake. Mimi ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini kwake nilikuwa kadogo, na nilipenda kuitwa hivyo kuliko jina langu la ubatizo.

Jikoni walikuwa wawili tu, Kavira na Papa Bahati, mzee mcheshi aliyekuwa akikata nyama tangu Kavira hajajua kushika kisu. Grili yao ilikuwa bamba la chuma pana kama meza, na vifundo vya kuzungusha, na taa nyekundu inayozimika joto likishafika. Chini yake trei ya kukusanyia mafuta. Papa Bahati aliiita Mukubwa. Alisema kila mtu jikoni anaamka kabla yake na wote wanasimama kumngoja.

Wiki ile Mukubwa alikuwa mgonjwa. Nyama ya mbuzi ilitoka jasho juu ya bamba badala ya kuiva. Ililala ndani ya maji yake, kijivu, imekata tamaa. Na Jumapili ilikuwa komunyo ya kwanza ya watoto wa parokia, siku ambayo kila nyumba yenye mtoto inafanya sikukuu, na nyumba isiyo na mtoto inampikia jirani. Familia nyingi zilikuwa zimeagiza nyama kwa Mama Nsimire. Na mmoja wa watoto wale alikuwa Asifiwe, binti wa Kavira, mtoto wake wa pekee.

Mama Nsimire aliniita Jumamosi mchana. Alisimama mlangoni, simu sikioni, akanisemesha mimi huku akimsikiliza mwingine.

"Fundi, sikia. Kama hii mashine inapata moto vizuri, Kavira anaenda misa kesho, Papa Bahati anabakia hapa kutayarisha. Kama haipate, tunawasha makala asubui, na hakuna mutu anatoka kwa hii jiko." Makala, yaani makaa, na makaa yanataka mtu wa kuyachochea.

"Lakini Mama," Kavira akasema, "ni mutoto yangu njo anakomunika." Njo kwetu ni ndiye, na kukomunika ni kupokea komunyo.

"Na hii nyama ni ya watoto ya watu. Ongea na kadogo yako, si mimi fundi."

Akaondoka. Kavira aliendelea kumenya vitunguu, macho yamemvimba, na sikujua kama ni vitunguu. Gauni jeupe la Asifiwe alikuwa amelishona mwenyewe, pindo kwa pindo, jioni baada ya kazi. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kadogo, fanya iwake."

Nikaifungua. Na niseme ukweli wote, hata ule unaonipendeza: niliihudumia vizuri. Nilikwangua kaboni iliyoganda mpaka chuma kikaonyesha uso wake. Nilikaza kila kichwa cha waya. Niliisafisha sonde ya joto, ule mrija mwembamba wa shaba unaolala chini ya bamba kama mdudu, nikaurudisha mahali pake. Ninaipenda kazi hii. Ninapenda mashine inavyonyamaza ukishaielewa. Ndiyo maana nina hasira hivi: mikono iliyofanya yote hayo ndiyo hiyo hiyo iliyofanya linalofuata.

Ndani ya grili kama ile kuna walinzi wawili. Wa kwanza ni termosta. Bamba likifika joto ulilotaka, termosta inakata umeme na taa inazimika. Bamba likipoa, inaurudisha. Mlinzi wa pili tunamwita sekirite. Kazi yake ni moja tu: wa kwanza akishindwa na joto likipita kiasi, yeye anakata kila kitu. Sekirite ya Mukubwa ilikuwa imezeeka, inakata ovyo, inaacha nyama nusu mbichi. Ilitakiwa kubadilishwa, na mpya haikuwapo Goma, ilibidi kuagizwa. Nikachukua kipande kifupi cha waya mwekundu, nikakiunga huku na kule, umeme ukapita kana kwamba mlinzi hajawahi kuzaliwa.

Sisi mafundi tunaita hivyo kuweka direct. Nenda popote katika mji huu uulize. Friji inasumbua? Weka direct. Pasi inakata? Direct. Pampu, oveni, jenereta, direct, direct, direct! Tunalisema huku tunacheka, kama watu wenye akili waliomzidi ujanja mzungu aliyetengeneza mashine. Mteja anafurahi, anatupongeza. Na mimi nilicheka. Nilifunga kifuniko nikicheka.

Kisha nikaanza kuipima. Unaweka kipima joto katikati ya bamba, unazungusha kifundo mpaka mia mbili, unangoja taa izimike. Ikizimika na kipimo kinasema pungufu, kuna skrubu ndogo nyuma ya kifundo; unaizungusha kidogo sana, unangoja tena. Ni kazi ya subira. Ukiizungusha skrubu kabla taa haijazimika, hujapima kitu. Hilo nalijua. Nimewafundisha wengine.

Nilingoja. Joto lilipanda, likachoka, likakaa mbali na mia mbili. Taa inawaka tu. Papa Bahati akapita na sufuria.

"Fundi, unamupima Mukubwa homa?"

"Papa, niache nifanye kazi."

"Mi nakusaidia tu. Huyu hana homa. Huyu njo anatupatia homa sisi."

Kavira akacheka, kicheko cha kwanza siku ile. Nikazungusha skrubu. Hakuna kitu. Nikazungusha tena. Hakuna. Nje, mtaa wote ulikuwa unanuka maharagwe na kitunguu. Kila nyumba ya Himbi ilikuwa imewasha majiko yake ya umeme kwa ajili ya kesho. Taa ya jikoni ilikuwa na rangi ya chai. Fundi gani hawezi kusoma taa ya rangi ya chai? Umeme ulikuwa dhaifu, mtaa mzima ukiunyonya, na Mukubwa alikuwa anakula makombo. Grili haikuwa na ugonjwa mkubwa. Ilikuwa na njaa.

Mita ya kupimia umeme ilikuwa ndani ya mfuko wangu, kwenye mfuko wa pembeni, naweza kuigusa bila kuangalia. Sikuitoa. Nimejidanganya muda mrefu kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilijua itakachosema. Ingesema umeme ni mdogo, na mimi ingenibidi niseme, "Mama Nsimire, mashine ni nzima, courant njo iko faible, hatuwezi kuiamini kesho." Naye angesema, makala. Na Kavira angekosa misa ya mtoto wake. Basi nikaacha mita ilale, nikazungusha skrubu mpaka mwisho wake.

Ghafla kipimo kikaanza kupanda. Kikafika mia mbili, kikapita. Labda nyumba fulani ilizima jiko, labda nyumba kadhaa. Mimi nilijiambia ni skrubu.

"Taa haizimike?" Kavira akauliza. Yeye si fundi, lakini aliiona.

"Itazimika kesho. Inazoea."

Inazoea. Mashine inazoea nini? Nililisema neno hilo na uso wangu haukubadilika. Kisha nikaongeza la kuua: "Kesho uiwashe mapema, kabla ya kwenda misa. Inachelewa kupata moto. Ukirudi utaikuta tayari."

Mama Nsimire alikuja, akanyunyiza maji kwenye bamba, yakaruka na kutoweka. "Kavira," akasema, "utaenda." Dada yangu alinishika kichwa kwa mikono yote miwili kama zamani. Ilinuka vitunguu. Alisema, "Kadogo yangu."

Jumapili asubuhi Kavira aliiwasha Mukubwa kama nilivyomwambia, akavaa kikwembe chake kipya, akaja kanisani. Nilikaa karibu naye. Watoto waliingia wawili wawili na mishumaa yao, na Asifiwe alitembea kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba gauni lile limejaa maji mpaka ukingoni. Alipopokea, alifumba macho kwa nguvu. Kavira alinibana mkono mpaka ukauma.

Sasa fikiria mtaa wakati huo huo. Wote tuko misani. Vyakula vimepikwa tangu jana, majiko yamezimwa, muziki bado haujaanza. Umeme wote wa Himbi, ule uliokuwa umegawanywa kwa sufuria za watu jana, hauna pa kwenda. Umejaa kwenye nyaya. Na jikoni kwa Mama Nsimire kuna bamba la chuma ambalo termosta yake nimeizungusha mpaka mwisho, na sekirite yake nimeiweka direct. Wale walinzi wawili niliwaondoa mmoja mmoja, kwa mkono wangu, kwa mapenzi.

Jana yake nilidhani napima grili. Nilikuwa napima mtaa unaopika.

Papa Bahati alikuwa nyuma ya nyumba, anakata nyama kwenye gogo. Aliona moshi, akaingia. Trei ya mafuta ilikuwa imeshika moto. Angeweza kutoka. Lakini nyama ya sikukuu za watu ilikuwa mezani pembeni, na alikuwa amemwahidi Kavira, "Enda, mi niko." Alishika trei kwa tambara bichi ili aitoe nje. Mafuta yakamwagika juu ya mikono yake, kuanzia vidoleni mpaka karibu na viwiko. Majirani wasioenda misa ndio waliozima moto kwa magunia yaliyolowa.

Jumatatu Mama Nsimire aliniita niikague mashine. Kavira alikuwa anasugua masizi ukutani. Niliomba wanipishe, eti nahitaji nafasi. Nikafungua kifuniko. Kila kitu kilikuwa kimeungua, ila waya wangu mfupi ulikuwa pale pale, umeshika, mwaminifu kama mbwa. Nikaukata kwa koleo, nikautia mfukoni. Na skrubu nikairudisha mahali pake. Kisha nikawaita.

"Fundi," Mama Nsimire akasema, "mashine ilikuwa na kasoro?"

"Hapana, Mama. Mashine ya moto haiachwe peke yake."

Kavira aliacha kusugua. "Lakini weye njo uliniambia niiwashe mapema."

"Nilisema uiwashe. Sikusema uiache."

Ndiyo, nilisema hivyo! Kwa dada yangu. Aliyenibeba mgongoni, aliyenipa kila mteja niliye naye.

Mama Nsimire aligeuka. "Kavira, nilisema uende, sikusema uache moto inawaka, ukaenda kuimba."

"Mama, ni mutoto yangu..."

"Papa Bahati naye ana watoto. Utawaambia nini?"

Kavira aliniangalia mimi, nikaangalia sakafu. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Hakulia. Ningependa sana kama angelia, ningepata cha kufanya.

Kazi ikaisha hapo. Hakuna mkahawa mwingine wa Himbi uliomtaka. Habari ya mpishi aliyeacha moto ilikuwa imefika kabla yake. Kila siku alitembea kwenda kwa Papa Bahati, upande wa Lac Vert, kumwosha, kumlisha, kuwapikia wanawe. Aliamini ni yeye. Nami nilimwona akiamini, nikala chakula mezani kwake, nikasema pole.

Kilichonivunja ni Asifiwe. Alikataa kwenda misa. Kavira alimbembeleza, akamkaripia, hakutaka. Nilipomuuliza tukiwa wawili tu, alisema, "Kama singekomunika, mama asingetoka jikoni, na Papa Bahati angekuwa na mikono. Mungu alikasirika na mimi."

Mtoto yule alikuwa amefanya hesabu yake, na ilikuwa sawa kila mahali, ila ilikosa jina moja. Langu.

Nilimwambia pale pale. Si Mungu, ni mimi. Nikamweleza waya. Akauliza, "Mama anajua?"

"Bado."

"Basi enda umwambie. Mi siwezi kumwambia."

Nilimkuta Kavira kwa Papa Bahati, amekaa kwenye kigoda, anamlisha sombe, majani ya muhogo, kwa kijiko. Mikono ya mzee ilikuwa imefungwa bandeji, imelala mapajani kama mikono ya mtu mwingine aliyemwachia aitunze. Nilitoa waya mfukoni, nikauweka kwenye kiganja changu, nikasema yote. Mita, skrubu, sekirite, taa isiyozimika. Nilisema hata neno lile, inazoea.

Papa Bahati ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe Mukubwa hakuamuka vibaya. Kuna mutu alimuamusha."

Alijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye, na ndipo nikaona machozi yake, na hana mkono wa kuyafuta.

Kavira alinipa kijiko. "Lisha," akasema. Akatoka nje.

Nimelisha tangu siku ile. Naosha, nafunga bandeji, nakata kuni. Vidole viwili vya mkono wa kulia havitakunjika tena. Mzee hanichukii, na hilo ndilo siwezi kulimeza. Ananiuliza habari za wateja. Ananiambia uji una chumvi nyingi.

Nilienda pia kwa Mama Nsimire. Nilidhani atanifukuza, atanipeleka polisi, nilikuwa tayari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia nje kama kuna mteja.

"Umefanya vizuri kuniambia, mutoto yangu. Lakini watu wamekwisha kujua ni Kavira. Tukibadilisha sasa, watasema jiko yangu ni ya hatari. Uache vile." Kisha, sauti ile ile: "Na hii grili, utanitengenezea lini?"

"Sekirite mpya bado haijafika, Mama."

"Si uweke direct kwanza."

Sikia hilo tena, wewe unayesoma. Mbele ya ukuta ambao masizi yake hayajatoka. Direct kwanza. Nilishikwa na hasira, na sehemu ya hasira ile ilikuwa kwa sababu sauti ile niliijua, ilikuwa yangu. Nikamwambia sitaigusa. Akaniambia mafundi Goma ni wengi. Kweli ni wengi. Juzi nimepita pale, grili inafanya kazi, nyama inanukia mpaka barabarani. Sijui nani aliitengeneza. Najua jinsi alivyoitengeneza. Nilisimama mlangoni nikamwambia mpishi mpya asiiache, aangalie taa. Aliniona mwendawazimu.

Sasa nazunguka Himbi, mkahawa kwa mkahawa, nasema ni mimi, si Kavira. Wengine wananifungia mlango, na kazi wameninyima, ni haki yao. Mmoja alimwita Kavira aje ajaribiwe. Anaanza wiki hii.

Asifiwe amerudi misani. Anakaa upande wa pili wa kanisa, mbali na mimi.

Na Kavira anaongea nami. Hilo usidhani ni jambo zuri. Jana alikuja kumsalimu Papa Bahati, akanikuta nafunga bandeji. Akaangalia kazi yangu, akaona iko safi. Akasema, "Asante, fundi."

Fundi. Kama mteja. Nimelisubiri lile neno lingine, halikuja, na sidhani litakuja.

Wewe fundi mwenzangu, ambaye sasa hivi una waya wako mfupi ndani ya mashine ya mtu fulani, na unajua ni ipi, na unajua ni jiko la nani: usiningojee nikumalizie hotuba. Chukua koleo, panda pikipiki, rudi ukautoe. Nenda leo, mtaa ukiwa bado unapika.